Kumwandaa Mwalimu wa Taamuli: Ni Kipi Kinachopimika?

Kidonge cha aspirini chenye miligramu 300 hakibadiliki kwa sababu ya tabia ya muuguzi anayekitoa. Awe mpole au mkali, awe amesoma sana au kidogo, kiini cha dawa ni kilekile. Yapo, hata hivyo, mafunzo na matibabu ambayo hayawezi kufungwa katika kidonge, kwa kuwa hubebwa na mtu na kufikishwa kwa sauti yake, kwa subira yake na kwa ujuzi wake. Taamuli ni mojawapo. Katika miaka hamsini iliyopita imetoka katika nyumba za watawa wa Asia, ikaingia katika hospitali, vyuo vikuu na shule za Ulaya na Marekani. Kila ilipoingia, swali moja limeifuata: ni nani anayestahili kuifundisha, na mtu huyo hufundishwaje?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu wa taamuli anavyoandaliwa, na kuonyesha ni sehemu ipi ya maandalizi hayo iliyothibitishwa kwa majaribio na ipi bado ni dhana tu. Suala hili linawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari moja kwa moja, kwani jaribio kubwa kuliko yote tutakayoyataja lilifanywa madarasani, na waliopewa kazi ya kufundisha walikuwa walimu wa kawaida wa shule.

Taamuli ni nini?

Katika Kiswahili cha kila siku, kutafakari ni kulifikiria jambo kwa makini. Taamuli inayozungumzwa hapa ni tofauti kidogo. Ni zoezi la kuiweka nadhari mahali pamoja palipochaguliwa, kwa mfano kwenye pumzi, kwenye neno linalorudiwarudiwa, au kwenye hisia za mwili, na kuirudisha hapo kila inapotoroka. Kutoroka kwa nadhari si kosa. Ndiyo hali ya kawaida ya ubongo wa binadamu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliwauliza watu wazima 2,250 kwa njia ya simu za mkononi, katika nyakati zisizotarajiwa, walikuwa wakifikiri nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba fikra za mhusika hazikuwa kwenye kazi aliyokuwa akiifanya.

Kwa hiyo, kinachozoezwa ni kitendo kile cha kutambua kwamba fikra zimetoroka na kuzirejesha bila kujilaumu. Aina ya taamuli iliyochunguzwa sana hospitalini huitwa uzingativu, maana yake kuyaangalia yanayotokea sasa, ndani ya mwili na nje yake, bila haraka ya kuyahukumu.

Njia tatu za kumpata mwalimu

Historia ya karibuni inatuonyesha njia tatu zilizotumiwa kuongeza idadi ya walimu. Kila moja ilijaribu kutatua tatizo lilelile: elimu iliyokuwa ikipokezwa na bwana mmoja kwa mwanafunzi mmoja itawafikiaje maelfu?

Njia ya kwanza ni ya Maharishi Mahesh Yogi wa India. Mwaka 1961 aliendesha kozi ya kimataifa ya kuwaandaa walimu huko Rishikesh, kando ya mto Ganges. Taamuli yake hutumia neno ambalo mwalimu humpa mwanafunzi, na mwanafunzi hulirudia kimyakimya kwa dakika 20, mara mbili kwa siku. Wengi wanakumbuka kwamba wanamuziki wa kundi la Beatles walikwenda Rishikesh mwezi wa Februari 1968. Aghalabu husahauliwa kwamba kilichokuwa kikiendelea pale kilikuwa ni kozi ya walimu. Katika njia hii hatua za kufundisha zimepangwa kwa utaratibu usiobadilika, na kila mwalimu huzifuata kama zilivyo.

Njia ya pili ilitoka Burma, nchi ambayo sasa huitwa Myanmar. Sayagyi U Ba Khin alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali baada ya uhuru wa mwaka 1948, na wakati huohuo alikuwa mwalimu wa taamuli. Mwaka 1955 alimpokea mfanyabiashara aliyesumbuliwa na kipandauso kikali, S. N. Goenka. Goenka alijifunza kwa miaka 14 kabla ya kwenda India mwaka 1969 kuanza kufundisha kozi za siku kumi za ukimya. Wanafunzi walipozidi nguvu zake, aliwateua walimu wasaidizi. Wasaidizi hao hawatungi maelekezo yao wenyewe: darasa husikiliza sauti ya Goenka iliyorekodiwa, nao husimamia utaratibu na kujibu maswali. Goenka alifariki mwaka 2013, lakini sauti yake ingali ikifundisha. Kwa lugha ya maabara tungesema kwamba hapa sehemu kubwa ya kipimo cha dawa imefanywa isibadilike.

Njia ya tatu ilianzia hospitalini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa na udaktari wa falsafa katika elimu ya molekuli za viumbe, alifungua kliniki katika Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Aliwapokea wagonjwa ambao maumivu yao hayakutulizwa vya kutosha na tiba za kawaida. Aliitoa taamuli katika mavazi ya dini na kuipanga katika majuma nane: kikao kimoja cha saa mbili na nusu hivi kila juma, siku moja nzima ya ukimya, na mazoezi ya nyumbani ya takriban dakika 45 kwa siku. Katika njia hii mwalimu huongoza zoezi kwa maneno yake mwenyewe, kisha huwauliza wanafunzi walichokiona na kujibu papo hapo. Uhuru huo ndio nguvu ya njia hii, na ndio unaoifanya iwe ngumu kufundisha walimu wake.

Hatua za mafunzo

Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Katika kazi hii kanuni imegeuzwa: asiyejiganga hana ruhusa ya kuganga. Hatua ya kwanza ya mwalimu wa uzingativu ni kuwa mwanafunzi. Huhudhuria kozi ya majuma nane kama mtu mwingine yeyote, kisha huendelea na zoezi lake kila siku kwa muda mrefu. Sababu yake ni ya kiutendaji. Mwanafunzi atakapolalamika kwamba miguu inamfa ganzi, kwamba anasinzia, au kwamba akifumba macho huzuni inamjia, mwalimu ambaye hajawahi kukaa na hali hizo atajibu kwa maneno ya kitabuni. Ni sawa na mtu anayefundisha kuogelea bila ya kuingia majini.

Hatua ya pili ni nadharia: jinsi mwili unavyoitikia msongo wa mawazo, jinsi maumivu na wahaka vinavyolishwa na fikra zinazojirudia, na dalili za magonjwa ya akili. Hatua ya tatu ni kufundisha chini ya uangalizi. Mwanagenzi hukaa kando ya mwalimu mzoefu, hufundisha sehemu ndogo, kisha kozi nzima, huku vikao vyake vikirekodiwa na kukosolewa. Hatua ya nne haina mwisho: mwalimu huendelea kuwa na msimamizi wa kumshauri, na kutenga siku kadhaa za ukimya kwa ajili ya zoezi lake mwenyewe. Nchini Uingereza, miongozo ya chama kinachounganisha taasisi zinazotoa mafunzo haya hutaka maandalizi yasiyopungua miezi 12.

Lakini ieleweke kwamba miongozo si sheria. Katika Uingereza na Marekani, jina la mwalimu wa taamuli halilindwi kisheria kama linavyolindwa jina la daktari wa tiba. Mtu aliyejizoeza kwa miaka 14 na mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili wanaweza wote wawili kutundika kibao mlangoni. Hapo ndipo cheti kinapoacha kuwa ushahidi, nasi tunalazimika kutafuta vipimo.

Je, ufundi wa mwalimu unapimika?

Wataalamu wa vyuo vikuu vya Bangor, Exeter na Oxford walitengeneza kipimo cha umahiri wa mwalimu wa uzingativu, na mwaka 2013 walichapisha matokeo ya kukijaribu. Mtahini hutazama mikanda ya video ya vikao na kutoa alama katika maeneo sita: kupanga somo na kwenda nalo kwa mwendo unaofaa, uhusiano wa mwalimu na wanafunzi, jinsi yeye mwenyewe anavyoonyesha uzingativu katika mwenendo wake, uongozaji wa mazoezi, ufafanuzi wa mada kwa maswali na maelezo, na usimamizi wa kundi. Kila eneo lina ngazi sita, kutoka asiyeweza hadi aliyebobea. Watahini tofauti walipotazama vikao vilevile, alama zao zilikaribiana vya kutosha.

Hiyo ni hatua njema, ila tusiruke kutoka hapo hadi mahali pengine. Kipimo kinachotoa jibu lilelile mikononi mwa watu wawili ni kipimo thabiti. Hakijawa bado kipimo cha kitu chenye manufaa. Watu wawili wanaweza kukubaliana kabisa juu ya urefu wa kalamu ya daktari, na urefu huo usiwe na uhusiano wowote na kupona kwa mgonjwa. Swali la maana ni hili: je, wanafunzi wa mwalimu mwenye alama za juu hunufaika zaidi? Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walilichunguza swali hilo kwa wagonjwa waliokuwa na historia ya sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu nguvu ya kuishi. Hawakupata uhusiano wa kuaminika baina ya alama za mwalimu na maendeleo ya wagonjwa. Walimu waliopimwa walikuwa wachache, na wote walikuwa wamekwisha kufunzwa. Kwa hiyo matokeo hayo hayathibitishi kwamba mafunzo hayana faida. Yanathibitisha tu kwamba jambo linaloonekana dhahiri kwa macho bado halijaonekana kwenye takwimu.

Tusisahau pia kwamba taamuli yenyewe ina ushahidi wa viwango mbalimbali. Mwaka 1970 Robert Keith Wallace alichapisha katika jarida la Science kwamba matumizi ya oksijeni hupungua mtu akiwa katika taamuli. Habari hiyo ilisisimua wengi. Msomaji makini atataka kujua pia kwamba Wallace baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chuo kikuu kilichoanzishwa na Maharishi. Mwaka 1984 David Holmes alikusanya majaribio ambayo yalilinganisha taamuli na kupumzika tu kitini, na hakuona tofauti ya kuaminika katika utulivu wa mwili. Kwa upande mwingine, mwaka 2000 John Teasdale na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 145 waliokuwa wamepona sonona. Miongoni mwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma za kawaida tu waliugua tena katika muda wa majuma 60, ilhali kwa walioongezewa kozi ya uzingativu ilikuwa asilimia 37. Mwaka 2014 mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 yalionyesha kwamba taamuli hupunguza kwa kiasi wahaka, sonona na maumivu, lakini haikuonekana kuzipita tiba nyingine kama vile dawa au mazoezi ya viungo.

Funzo kutoka madarasa ya Uingereza

Sasa tufike shuleni. Katika shule za sekondari 85 za Uingereza, wanafunzi 8,376 walioanza wakiwa na umri wa miaka 11 hadi 13 waliingizwa katika jaribio moja kubwa. Shule ziligawanywa kwa kura. Nusu ziliendelea na masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Nusu nyingine zilifundisha vipindi kumi vya uzingativu. Walimu wao kwanza walihudhuria kozi ya uzingativu kwa ajili yao wenyewe, kisha wakapewa mafunzo ya siku chache ya namna ya kuufundisha mtaala ule.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti yenye faida baina ya makundi mawili: si katika hatari ya sonona, si katika tabia, wala katika hali njema ya wanafunzi. Wengi wa wanafunzi hawakufanya zoezi nyumbani. Utafiti mwingine wa mradi huohuo, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha jinsi ilivyo vigumu kumfanya mwalimu wa shule kuwa mwalimu wa uzingativu: wengi walioanza mafunzo hawakuufikia umahiri wa kutosha.

Je, kosa lilikuwa wapi? Yawezekana kwamba zoezi lenyewe haliwafai vijana wa umri ule, hasa wasioliomba wenyewe. Yawezekana kwamba dozi ilikuwa ndogo, kwa kuwa zoezi lisilofanywa ni sawa na dawa isiyomezwa. Yawezekana pia kwamba siku chache za mafunzo hazikutosha. Jaribio lile halikuundwa ili kuzitenganisha sababu hizi, na hatuna budi kujizuia kuchagua ile inayotupendeza. Lakini jambo moja limethibitika: mafunzo mafupi, yakitolewa kwa walimu wengi kwa nia njema na gharama kubwa, si lazima yalete faida kwa watoto.

Hatari na mipaka

Yako mawazo kwamba taamuli, hata isipofaa, haidhuru. Mwaka 2020 Miguel Farias na wenzake walipitia tafiti 83 na kukadiria kwamba karibu asilimia 8 ya watu waliojizoeza taamuli walipata athari mbaya, hasa wahaka na sonona. Kiwango hicho kinafanana na kile cha tiba za mazungumzo. Si cha kututia hofu, wala si cha kupuuzwa. Darasa la wanafunzi 50 likichukuliwa kwa kadirio hilo lingekuwa na wanafunzi wanne wa namna hiyo, ingawa hatuwezi kudhani kwamba watoto wa shule wako sawa kabisa na watu wazima waliochunguzwa. Mtoto aliyefiwa au aliyeteswa anaweza kuona kwamba kimya na macho yaliyofumbwa vinamrejesha palepale anapopakimbia.

Hapa ndipo faida ya mafunzo marefu inapoeleweka hata kabla ya takwimu kukamilika. Mwalimu aliyeandaliwa vyema huwaambia wanafunzi kwamba wana hiari ya kufumbua macho, kuhamisha nadhari kwenye nyayo au sauti za nje, au kuacha kabisa. Huwatambua wanaohitaji kupelekwa kwa mganga au mshauri. Zaidi ya yote, hujua kwamba yeye si daktari.

Jaribio dogo la darasani

Wanafunzi wanaweza kujionea ugumu wa kupima mambo haya. Wachukuliwe wanafunzi 30 waliojitolea, wagawanywe kwa kura katika makundi matatu ya watu kumi. Wote wakae kitini dakika tatu, kisha mapigo ya moyo ya kila mmoja yahesabiwe kwa dakika moja. Kwa dakika kumi zinazofuata, kundi la kwanza likae kimya tu. La pili lihesabu pumzi kuanzia moja hadi kumi na kurudia. La tatu lisome kitabu cha kiada. Mapigo yahesabiwe tena, na anayehesabu asijue mtu huyu ametoka kundi lipi. Wastani wa mabadiliko katika kila kundi uandikwe kwenye jedwali.

Siku nyingine kundi la pili ligawanywe mara mbili: nusu wapewe maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi, nusu waongozwe kwa sauti na mtu. Je, kuna tofauti? Na ikiwapo, imetokana na mtu huyo, au na kura iliyowaweka watulivu upande mmoja? Kundi la watu watano halitoshi kulijibu swali hilo, na kuyatambua hayo ni somo zima la takwimu. Asilazimishwe mtu kufumba macho, na anayejisikia vibaya aache mara moja.

Hitimisho

Yumkini siku moja mwalimu mkuu ataletewa pendekezo la kuwafunza walimu wake kufundisha taamuli. Asilikatae kwa sababu ni geni, wala asilipokee kwa sababu limetoka ng'ambo. Na aulize: atakayetufunza amejizoeza mwenyewe kwa muda gani? Nani alimwona akifundisha, na nani humsimamia sasa? Mwanafunzi akidhurika atafanya nini? Matokeo yatalinganishwa na kundi lipi? Kipindi kitakachotumika kingetumiwa kwa somo gani?

Maswali hayo hayahitaji maabara wala fedha za kigeni. Anayeuza mafunzo asipoweza kuyajibu, wakati wa wanafunzi hauna haki ya kuwa malipo ya majaribio yake.